Mhariri Aliyefumwa kwa Jina la Mwingine

Wendell Crake alizinduka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, miaka mia moja na arobaini na mitatu baada ya kuzikwa, na kitu cha kwanza alichoomba ni sigara.

"Hapa hakuna sigara, Bwana Crake," Biubwa alimwambia. "Na huna mdomo wa kuivutia."

Sauti ilitoka kwenye kasha la kauri lililokuwa mezani. Lilikuwa na ukubwa wa boksi la viatu, jicho moja la kioo mbele, na matundu madogo ya kutolea sauti. Jicho liligeuka likautazama ukungu wa Lushoto uliokuwa ukipanda kutoka bondeni, kisha likarudi kwa mwanamke aliyekaa mbele yake na kumkagua kuanzia mtandio mpaka vidole.

"Basi nimekufa," kasha likasema.

"Ulikufa. Sasa umerejea."

"Na lugha hii ninayosema ni ya wapi?"

"Kiswahili. Mrejea huzinduka na lugha ya aliyemfuma."

Alimjibu hivyo kwa sauti ya kazini, bila kutabasamu. Saa hiyo alikuwa ameingojea tangu siku aliyojiunga na kazi ile, na hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja.

Biubwa Mcha alikuwa mfumaji wa daraja la kwanza katika Nyumba ya Ufumaji ya mlimani pale. Masanduku ya marehemu yalikuja kutoka kila pembe ya dunia, yamejaa barua, shajara na miswada, kwa sababu mitambo ile ilipenda baridi na wafumaji wa Lushoto walijulikana kwa mkono wa subira. Kila ukurasa uliwekwa chini ya mwanga. Mwanga ulisoma maneno, lakini ulisoma pia uzito wa kidole kwenye herufi, mahali mwandishi aliposita, mahali aliposema uongo na mkono wake ukajua. Kutoka kila ukurasa ulitoka uzi, na kutoka nyuzi elfu kadhaa ikafumwa akili. Ukurasa wenyewe uliungua ukawa unga, na hapakuwa na kuusoma mara ya pili. Katika kila masanduku matatu moja halikushika, mtu hakuzinduka. Na aliyezinduka hakujua jambo ambalo marehemu hakupata kuliandika hata kwa kulizungukazunguka.

Sanduku la Crake lilitumwa na jumba moja la makumbusho la ng'ambo. Katika miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini, Crake alikuwa mhariri wa jarida la hadithi lililoitwa *Milango ya Mbali*, moja ya yale majarida yaliyochapwa kwenye karatasi ya mabaki ya mbao yaliyosagwa, karatasi iliyogeuka manjano kabla msomaji hajafika ukurasa wa mwisho. Majalada yake yalikuwa na mazimwi mekundu na wanawake waliokuwa wakikimbia. Yaliuzwa kwenye vituo vya treni, yakasomwa na wapagazi na makarani na askari wa likizo, na watu wenye heshima waliyaficha chini ya godoro. Wajukuu wa watu hao wenye heshima ndio waliokuja kuyajengea makumbusho. Crake alisifiwa kwa hadithi kumi na tisa zilizochapwa kwa jina lake, hadithi zilizoufundisha ulimwengu kuota nyota. Mji wa tatu kujengwa mwezini uliitwa Crake.

Makumbusho yalimtaka azinduke ili awe mgeni wa heshima siku ya ufunguzi. Hawakuuliza mfumaji waliyempelekea sanduku lile alikuwa wa ukoo gani.

*

Ukoo wake ulikuwa wa Wete, Pemba, na ulianzia kwa Mcha Kombo, babu wa mababu zake, mchochea makaa kwenye meli za moshi. Mcha aliteremka New York mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na tisa na hakupanda tena. Alipata kazi ya kufagia katika kiwanda cha kuchapa *Milango ya Mbali*. Saa za mapumziko aliwasimulia wenzake hadithi, na mhariri akazoea kuja kusimama mlangoni akiwa na daftari. Baadaye Mcha alijifunza Kiingereza cha kuandika, akaleta kurasa zake mwenyewe. Zilitoka kwa jina la Crake. Alipodai jina lake liwekwe kwenye jalada, Crake alimpeleka kwa madaktari: huyu hapa mfagizi anayeamini kwamba yeye ndiye mwandishi. Walimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa miaka kumi na minne, akafia humo.

Nyumbani habari ilifika kwa maneno mawili tu, kwamba kaingia wazimu. Na maneno hayo mawili yalikaa na ukoo kama doa la zambarau kwenye kanzu. Bibi yake Biubwa alivunjiwa posa mara mbili, kwa sababu watu walisema damu ile ina kichaa. Bibi huyo huyo ndiye aliyemsimulia Biubwa hadithi ya mji usio na hewa, ambako watu huweka pumzi zao mitungini, na mwanamke mmoja mchota pumzi akajikwaa na mtungi ukamvunjikia. Alisema hadithi hiyo ni ya Mcha, aliwasimulia watoto wa mtaa kabla hajaondoka.

Biubwa alipokuwa na miaka kumi na mitano waliisoma shuleni hadithi maarufu kuliko zote za Wendell Crake. Mji usio na hewa. Mitungi. Mwanamke aliyejikwaa. Wataalamu walikuwa wamejaza vitabu wakimsifia Crake kwa jina alilombunia mwanamke yule, jina, walisema, lisilo na asili katika lugha yoyote ya duniani. Jina lenyewe lilikuwa Mize, na Mize alikuwa dada yake Mcha. Biubwa alimwambia mwalimu. Mwalimu akacheka, akamwambia bila shaka bibi yake aliisoma mahali.

Hakumwambia mtu tena. Alisoma ufumaji.

*

Kwa siku nne Biubwa alizungumza na Crake, kama kanuni ilivyotaka, kuhakikisha kwamba nyuzi zimeshika. Jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba Crake alipendeza. Alimweleza jinsi walivyokuwa wakichora jalada kwanza kisha kumtafuta mwandishi wa kulitungia hadithi, na jinsi alivyojua kwa aya moja kama msomaji atakosa kituo chake cha kushukia. Alimsimulia juu ya karani mmoja wa posta, Orrin Tebbet, aliyemwandikia barua kila mwezi kwa miaka ishirini, akimsahihishia mwendo wa sayari na kulalamika kwamba mashujaa wake hawali chakula. Crake alicheka kwa upendo alipomtaja. Na kwa bahati, sanduku la huyo Tebbet pia lilikuwa limeletwa na makumbusho yale yale, maana walitaka mhariri na msomaji wakae pamoja. Lake Biubwa alikuwa amelifuma wiki moja kabla. Halikushika.

Siku ya pili alimuuliza kuhusu Mcha Kombo.

"Simjui," Crake alisema.

Na kweli hakumjua. Mizani ya kupimia uongo iliyokuwa pembeni haikutikisika. Kwenye karatasi zote alizofumiwa, Crake hakuwahi kumwandika mfagizi wake. Aliamini kwa nafsi yake yote kwamba hadithi zile kumi na tisa alizitunga yeye.

Ila Biubwa alikuwa amebakiza ukurasa mmoja. Ulikuwa chini kabisa ya sanduku, nakala ya kaboni ya barua ambayo Crake alimpigia chapa daktari wa hospitali ile. Kwa macho ilimhukumu Mcha: mgonjwa huyu, ilisema, hana ubaya, ila amejiaminisha kwamba ametunga kazi zangu, kwa usalama wake naomba abaki kwenu. Mtu yeyote angeisoma na kumuonea huruma Crake. Mwanga peke yake ndio ungeweza kujua mkono ulikuwa ukificha nini ulipokuwa ukipiga herufi zile, na mwanga ungeila barua. Baada ya hapo ukweli wa Mcha usingekuwa mahali pengine popote duniani ila ndani ya kasha lile.

Ijumaa asubuhi aliiweka barua chini ya mwanga. Ikawaka, ikanyauka, ikawa unga wa kahawia. Uzi ukaingia.

Ulichukua karibu saa nzima kushika. Jicho la Crake lilitazama ukuta.

"Alikuwa na akili timamu kuliko mimi," alisema mwishowe. "Nilijua siku ile. Nilijua kila Krismasi waliponiletea kadi ya hospitali kunishukuru kwa wema wangu."

"Hadithi ngapi zilikuwa zako?"

"Hata moja."

Biubwa alifumba macho. Maneno hayo mawili yalikuwa yametafutwa na watu wa nyumba yao kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Sheria ilikuwa wazi: ungamo la mrejea hukubaliwa mahakamani, mradi wafumaji wawili watie saini kwamba ndiye. Alichohitaji ni kumsajili kwa jina lake na kumwacha aseme. Mcha angepata jina lake kwenye hadithi zake.

Kisha Crake akaanza tena kusema, na sauti yake ilikuwa imechangamka.

"Usiniwahishe mbele ya watu. Tuanze na hospitali, kitanda cha chuma, mtu mweusi anayeandika ukutani kwa kucha. Halafu mimi, mzee, na kadi zile. Unaona? Hadhira italia kabla sijafika katikati. Nimechapa hadithi elfu tatu, bibie, na hii ndiyo bora kuliko zote."

"Hadithi ya nani?" Biubwa aliuliza.

"Yangu. Mwenye kuungama ndiye mwenye hadithi."

Biubwa aliinuka akaenda kusimama dirishani. Aliona vizuri jinsi itakavyokuwa. Watampigia makofi. Watamwita jasiri. Ataibeba maiti ya Mcha jukwaani na kuiuza upya, na mji wa mwezini utaendelea kuitwa Crake, sasa kwa heshima mara mbili. Kifua chake kilijaa kitu cha moto ambacho hakikuwa na haja tena ya haki. Alitaka mtu huyu aseme *mimi ndiye* na atazamwe kwa huruma. Alitaka iwe kila siku.

Alirudi mezani, akavuta hati mbili za usajili. Kwenye hati ya sanduku la Crake aliandika: halikushika. Kwenye hati ya Orrin Tebbet, karani wa posta, aliandika: amezinduka, ana dalili za kujidhania mtu mwingine.

Alijua anachokipoteza. Ungamo la Tebbet juu ya dhambi za Crake lingekuwa upuuzi wa msomaji aliyempenda mhariri wake kupita kiasi. Jina la Mcha lingebaki mahali lilipokuwa. Alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa, akijiambia kwamba Mcha mwenyewe angechagua hivi, na hakuwa na hakika.

*

Saini ya pili ilikuwa ya Mzee Shekiondo, mfumaji mkongwe aliyemfundisha kazi. Alikuja na miwani yake kwenye paji la uso, akaketi mbele ya kasha na kumsalimia mrejea kwa adabu.

"Mimi ni Wendell Crake," kasha lilimwambia. "Huyu mama amekosea karatasi. Tafadhali mwambie arekebishe."

Shekiondo alimtazama Biubwa. Naye alieleza kwa utulivu kwamba Tebbet alimwandikia Crake barua mia mbili na arobaini, kwamba kila uzi wake umepita kwa Crake, na kwamba akili iliyofumwa namna hiyo huweza kujisahau ikamvaa yule inayemwabudu. Yote hayo yalikuwa kweli katika vitabu.

"Muulize habari za hospitali," Crake alisema. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Muulize kuhusu Mcha Kombo. Anajua. Anajua kila kitu."

"Ni nani huyo Mcha Kombo?" Shekiondo aliuliza.

Biubwa alikuwa mbele ya mlango wa kurudi nyuma ambao bado ulikuwa wazi. "Sijui," alisema. "Nadhani kamtunga."

Mzee alishusha miwani, akasoma hati mara moja, akatia saini. "Natia kwa sababu ni wewe, mwanangu," alisema. "Karatasi yenyewe hainiridhishi." Alipotoka, Biubwa aliligeukia kasha. Jicho lilikuwa limemkazia.

"Unaitwa Biubwa nani?" Crake aliuliza. Hakuwa amewahi kumuuliza.

"Mcha," alimjibu, akafunga sauti ya kasha ili lichukuliwe.

*

Warejea walioharibika waliwekwa katika wodi moja huko Soni, chini ya daktari aitwaye Namsifu, mwanamke mpole wa Kipare mwenye sauti ya kubembeleza. Makasha yalipangwa kwenye rafu zenye vitambaa, yakitazama bustani. Kwa miezi saba Biubwa alikwenda kila Jumapili ya mwisho ya mwezi, kama mfumaji aliyejali kazi yake, na Daktari Namsifu alimsifia kwa hilo.

Ziara za mwanzo zilimpa alichokitaka. Alisimama mlangoni akamsikia Crake akiwaeleza wauguzi yeye ni nani. Alisikia wakimjibu, "Ndiyo, Bwana Tebbet, tumekusikia." Alimsikia akighadhibika, na ghadhabu ikaandikwa. Aliambiwa jinsi alivyonyamaza siku tatu mfululizo ili aonekane mzima, na ukimya ukaandikwa. Biubwa alirudi nyumbani siku hizo akala vizuri.

Baadaye mambo yalibadilika, na Biubwa hakugundua haraka. Crake aliacha kudai jina lake. Alichokuwa akidai sasa ni jina la mwingine. Kila aliyepita mbele ya rafu yake aliambiwa kwamba kulikuwa na mfagizi aitwaye Mcha Kombo wa Wete, kwamba hadithi ya mitungi ni yake, na hadithi ya kisima cha jua ni yake, na akazitaja zote kumi na tisa, moja moja. Hakuzipamba tena. Hakukuwa na kitanda cha chuma wala kucha ukutani. Alisema kama mtu anayetoa anwani.

Mwezi wa saba Daktari Namsifu alimkaribisha ofisini, akamfungulia faili. Alisema wamepata njia ya kumtuliza Bwana Tebbet. Wazo lake la ugonjwa lilikuwa limekusanyika kwenye nyuzi kumi na moja tu, na Alhamisi wangezifumua. Biubwa aliinama akasoma. Kwa mwandiko safi wa daktari iliandikwa: *Mgonjwa anaendelea kumtaja mtu wa kubuni, Mcha Kombo. Mtu huyo hajawahi kuishi. Wazo liondolewe.*

Alisoma mstari ule mara tatu. Mtu mmoja alikuwa ameshaandika barua ya namna hiyo kwa daktari wa wagonjwa wa akili, na hii ya pili alikuwa ameiandika yeye, kwa mkono wa mwanamke huyu mpole.

"Usiondoe," alisema.

"Samahani?"

"Huyo ni Wendell Crake. Nilibadilisha hati. Mcha Kombo ni babu yangu, na hakuna mwingine duniani anayeweza kulithibitisha ila huyo uliyemweka rafuni."

Daktari Namsifu alimtazama muda mrefu, kwa huruma ile ile aliyowatazamia wagonjwa wake, kisha polepole huruma ikamtoka na uso wake ukawa wa mtu aliyeogopa. Alisema itabidi awaite wakaguzi. Alisema Mzee Shekiondo naye ataguswa. Biubwa alisema anajua, aite, ila kwanza amruhusu dakika mbili wodini.

Crake alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Basi umenisamehe," alisema.

"Sikukusamehe wala sitakusamehe. Nakuhitaji tu. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nitasema lolote utakalo."

"Sema kama ulivyokuwa ukiwaambia wauguzi. Usiongeze kitu."

*

Wakaguzi walilifungua kasha, wakapima nyuzi, wakathibitisha kwamba ndiye. Biubwa alihukumiwa miaka mitano na akapigwa marufuku kufuma maisha yake yote. Shekiondo alistaafishwa, hakumtembelea gerezani, na barua ambayo Biubwa alimwandikia kumuomba radhi ilirudi haijafunguliwa. Makumbusho yalibadilisha jina kwenye hadithi zote kumi na tisa. Jina la mji wa mwezini lilibaki palepale, kwa kuwa, walisema, wakazi wameshalizoea.

Siku ya ushahidi Biubwa alipelekwa ukumbini akiwa na askari wawili, akaketishwa safu ya nyuma. Crake alisema kwa dakika tisa. Alilitaja jina la Mcha Kombo, na mji wa kwao, na mwaka, na hospitali, akataja hadithi moja baada ya nyingine kwa majina ambayo Mcha mwenyewe alizipa. Alimaliza pale zilipoisha. Mtu mmoja wa mbele aliinuka, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia Crake makofi kwa ujasiri wake. Askari wa kushoto naye alisimama. Yule wa kulia akamgusa Biubwa begani, akimwashiria ainuke kama wengine.

Biubwa hakuinuka.